Mikanda Miwili, Kamba Moja

"Kama ni kununua, tununue kitu kinachoonekana," Kakule alisema, akaipiga kofi ile seti nyekundu ya mikanda ya kuzamia kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani. "Tazama hii. Iko na mifuko sita. Iko na mito mabegani. Sasa ile nyeusi ni nini? Ni kamba za kufungia godoro."

Mado, dada yake, alimsikiliza kwa sikio moja. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mguu juu ya kanyagio, na macho yake yalikuwa yamekwenda mahali ambapo hayakutumwa, yaani kwenye shingo ya Onema mzamiaji. Mado alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne, na alikuwa amejiapia kwamba mambo ya kutazama shingo za wanaume yamekwisha. Lakini shingo yenyewe ilikuwa pale, pana na nyeusi, imeinamia mikanda, na kiapo chake kilikuwa kinapata tabu.

"Papa Kakule," Onema alisema kwa upole, "mifuko hiyo nitaweka nini?"

"Vitu vyako."

"Chini ya maji sina vitu. Mfuko ukinasa kwenye msumari wa meli, nitabaki kule na mifuko yangu sita."

Kakule alikunja uso. Alikuwa kaka mkubwa wa Mado, Mnande wa Butembo, mwenye duka la vyombo na sabuni mtaa wa Mikelenge, na hakupenda kufundishwa na mtu asiyevaa viatu. Lakini hakuwa na namna. Wiki tatu nyuma, baleinière, ile mashua kubwa ya mbao ya mizigo, iliyomletea mashine yake mpya ya kusaga mahindi ilizama karibu kabisa na ufuko, ikakaa chini ya mita sita za maji na mashine tumboni mwake. Na mzamiaji mwenye chupa za hewa alikuwa mmoja tu mji mzima wa Kindu. Ni huyu.

Ndiye huyuhuyu aliyemtuma shangazi yake, Tantine Émilienne, miezi miwili kabla, kuja kumwomba Mado. Mama wa watu alikuja na kitambaa kipya na maneno mazuri. Kakule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, siwezi kumpa dada yangu muntu anayefanya kazi mahali nisipoweza kumwona."

"Hata Mungu anafanya kazi mahali usipomwona," Tantine Émilienne akajibu.

"Mungu hajaniomba Mado."

Yakaishia hapo. Na sasa Onema alikuwa amekubali kuitoa mashine bila kulitaja jambo lile hata kidogo, kama mtu aliyelisahau. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma Mado. Mwanamke hukataliwa mchumba na kaka akavumilia. Lakini kusahauliwa na yule aliyemtaka?

"Kwa nini usitumie mikanda yako ya zamani?" Kakule aliuliza. "Ile ya kubeba chupa mgongoni?"

"Mlango wa ile meli ni mwembamba. Chupa ikikaa mgongoni, mimi nakuwa kama kobe. Mwaka jana nilinasa hivyo, nikakaa dakika nzima nikiwaza mambo ya maisha yangu." Onema alimtazama Mado upesi, akarudisha macho kwenye mikanda. "Hii ya sasa inaweka chupa mbili ubavuni, moja kwapa hili, moja kwapa hili. Mgongo unabaki mtupu. Nikikuta njia ni ndogo sana, nafungua chupa moja kwa nyuma, naisukuma mbele yangu, napita."

Ndiyo maana binamu yao Fifi, wa Kampala, alituma seti mbili kwa ndege ya mizigo: wachague moja, nyingine irudi.

"Bon, vizuri," Kakule alisema. "Tujaribu. Mimi sinunui kwa maneno. Pita hapo."

Alionyesha kidirisha cha duka, kile cha kuuzia watu wa nje, upana wake kama meza ya shule.

Onema alivaa ile nyekundu. Akafunga chupa zake tupu ubavuni. Kwa kweli alipendeza, Mado hakukataa. Alionekana kama mtu wa kwenye kalenda. Akaingiza kichwa kidirishani, akaingiza mabega, akasukuma. Mito ya mabegani ikajaa kwenye ubao. Mfuko mmoja ukanasa komeo. Akasukuma tena. Halafu akatulia.

"Umepita?" Kakule aliuliza kutoka ndani, mbele ya miguu ya Onema.

"Apana."

"Basi rudi."

"Na kurudi pia apana."

Nje, Mama Bibiche muuza samaki alikuwa amefika na beseni lake kichwani. Alikitazama kile kichwa cha Onema kilichotokeza kidirishani, akakiamkia.

"Jambo, Onema. Siku hizi unauza?"

"Jambo, Mama. Ni vile tu."

"Nipe kipande cha sabuni."

Mado alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alichukua sabuni, akaipitisha pembeni ya ubavu wa Onema, kwenye kinafasi kidogo kilichobaki. Mkono wake ukagusa wa Onema. Onema akaishika sabuni, na kidole kimoja cha Mado pamoja nayo, akakishikilia kidogo zaidi ya haja ya sabuni. Akampa Mama Bibiche bidhaa yake. Mado akarudi kukaa, uso ukimwaka. Kumbe hakusahau!

Walimtoa kwa kuvuta miguu. Kakule mguu wa kulia, Mado wa kushoto.

Seti nyeusi ilikuwa haina uzuri wowote. Ilikuwa mkanda mmoja mrefu, mgumu, ulioshonwa ukazunguka mabega na kiuno, kibati kidogo mgongoni, kibofu chembamba cha kutia hewa, pete za chuma, na mipira miwili ya kubana chupa kwapani. Onema alifumba macho, akapitisha mikono yake juu ya kila pete, moja baada ya nyingine, kama kipofu anayesoma uso wa mtu.

"Mto wetu Lualaba ni maji ya chai," alisema. "Chini sioni kitu. Mkono njo macho yangu. Hapa kila kitu mkono unakipata." Akaingia kidirishani, akatokea nje barabarani kwa mara moja, akarudi kwa mlango akipangusa magoti. "Ni hii. Ila ni ya muntu mukubwa. Inabidi kupunguzwa."

"Mado atapunguza," Kakule alisema. Halafu akawaza alichosema. Akavuta kiti, akakaa katikati yao.

Hivyo ndivyo vipimo vilivyochukuliwa: Onema amesimama mikono wazi, Mado na futi yake shingoni, na Kakule kati yao kama gunia. Mado alipima bega. Alikuwa akipima mabega ya watu kila siku, lakini hili lilikuwa na joto. Alitia alama ya chaki. Onema alikuwa anatazama juu kwenye mabati, anapumua kwa hesabu, kama aliyeko chini tayari.

"Usibane pumzi," Mado alimnong'oneza. "Vipimo vitadanganya."

"Nikiiachia vitadanganya zaidi."

"Munasema nini?" Kakule aliuliza.

"Ya kifua, Yaya. Nasema kifua," Mado alimjibu kaka yake mkubwa.

Onema aliitazama cherehani iliyokuwa mbele yake, akatabasamu kidogo, na Mado akajua anakumbuka nini. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na chumvi ikawa ya kulambwa kwa zamu, kila mwenye kitu cha maana alikuwa akikizamisha mtoni ili askari wasikichukue. Baiskeli, masufuria, hata kengele. Baba yao kina Mado aliipaka hii cherehani mawese, akaifunga katika turubai, na Onema, kijana wa miaka kumi na tisa, akashuka nayo kwa pumzi yake mwenyewe akaifunga kwenye kisiki. Kakule hakuyaona hayo. Alikuwa Butembo kwa babu yao, anasoma. Mado aliyaona. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na kila Jumapili Onema alikuwa anakuja mlangoni, maji yakimchuruzika, kutoa taarifa ambayo hakuna aliyemwagiza.

"Mashine iko muzima," alikuwa akisema. "Imelala vizuri. Inawasalimia."

Halafu familia ikapata nafasi katika ndege ya kwenda Butembo, wakaondoka bila kuaga. Mado aliolewa huko, akafiwa huko. Aliporudi Kindu kwa kaka yake, miaka ishirini na moja baadaye, Onema alikuja mlangoni na cherehani kichwani, imekaushwa, imetiwa mafuta. Alikuwa hajaoa. Watu walisema maji yamemwingia kichwani. Mado, siku ile, hakujua aseme nini, akasema, "Asante, weka hapo."

"Na huu mkanda?" Kakule aliuliza sasa, ameushika ule uliotoka nyuma kiunoni ukining'inia. "Huu unakwenda wapi?"

"Unapita katikati," Onema alisema.

"Katikati ya nini?"

"Ya muntu, Yaya," Mado alisema, akaitazama sakafu. "Unatoka nyuma, unapita chini, unakuja mbele. Usipokuwepo, seti nzima inampanda shingoni. Lazima upimwe sawasawa."

Kakule alielewa. Alisimama. Akamnyang'anya dada yake futi. "Toka nje," akasema. "Toka kabisa. Hii nitapima mimi."

Na Mama Bibiche, aliyerudi kubadilisha sabuni yake kwa ya rangi nyingine, alimkuta tajiri Kakule amepiga magoti mbele ya Onema, macho ameyafumba, futi mkononi, anauliza kwa hasira, "Inabana? Sema! Inabana ao haibani?"

Asubuhi ya pili wote walikuwa ufukoni. Seti nyeusi ilikuwa imepunguzwa, imeshonwa mara tatu kila mahali, kwa uzi wa kushonea mahema. Mado alikuwa hakulala vizuri. Alishona kila mshono akiwaza: huu ukikatika, ni mimi.

Onema alisimama maji yakimfika magotini. Chupa zilikaa ubavuni, zimelala sawa na mwili, nzuri. Mado alivuta kila mkanda kwa mkono wake, na Kakule hakusema kitu kwa sababu alikuwa anautazama mto. Kamba ndefu ya manila ilikuwa imefungwa kwenye pete ya kiuno cha Onema. Ncha ya pili alikuwa nayo mkononi, anaelekea kwenye mti.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Kakule aliuliza.

"Kuifunga kwenye mti."

"Kwenye mti? Mashine yangu iko chini, wewe uko chini, na anayejua habari zenu ni mti?"

"Njo desturi yangu. Mimi sina mtu wa kunishikia."

"Lete hapa!" Kakule akanyoosha mkono. "Mimi nitashika."

Mama Bibiche alishusha beseni. Twaibu, mzee wa pirogi ya injini aliyekuwa anaziba tundu la mtumbwi wake, aliacha kugonga.

Onema hakuinua kamba. Alimtazama Mado. Lilikuwa tazamo refu, la kuuliza, na Mado alilielewa lote. Kwa watu wa mto huu, kamba ya mzamiaji inashikwa na shemeji yake. Ndugu wa mke, basi, si mwingine. Kwa sababu ni yeye pekee asiyetaka dada yake arudishwe nyumbani na watoto na kilio. Na anayeipokea kamba kutoka mkononi mwa mzamiaji, mbele ya watu, ameshasema kila kitu ambacho wazee hukaa siku mbili kukisema. Kila mtu ufukoni alilijua jambo hilo, isipokuwa yule wa Butembo.

"Papa Kakule, ngoja kwanza," Onema alisema. "Hii kamba, hapa kwetu—"

"Utanieleza ukitoka! Jua linapanda. Lete!"

Mado angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu. Alilitazama bega la Onema, lile la joto. Akakohoa.

Onema akamkabidhi Kakule kamba.

Vigelegele vililipuka kutoka kwa wauza samaki mpaka ng'ambo ya Alunguli ikasikia. Kakule alipunga mkono, amefurahi. "Unaona," alimwambia Mado, "watu wanapenda maendeleo." Onema alitia kipumulio mdomoni, akazama.

Kamba ilikimbia mkononi mwa Kakule, ikasimama. Ikavutwa mara moja: niko salama. Kakule akajibu mara moja. Alipendezwa. Akavuta tena bila sababu, na chini wakamjibu.

"Hongera, Papa," Twaibu alisema, akija karibu. "Shemeji yako ni mzamiaji mzuri."

"Shemeji yangu nani?"

Twaibu alimweleza. Alimweleza taratibu, kwa ukamilifu, kama anavyoeleza mtu anayefurahia kazi yake. Mado alitazama rangi ya kaka yake ikibadilika kuanzia masikioni.

"Mado!"

"Yaya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakohoa!"

"Nilikohoa, Yaya."

Kakule alitaka kuitupa ile kamba. Mkono uliinuka kabisa. Lakini mtu alikuwa kwenye ncha ya pili, na mkono ukabaki hewani, ukarudi. "Hii ni wizi," alisema. "Mimi nilishika kwa ajili ya mashine!"

"Kama hutaki, hakuna ubaya," Twaibu alisema. "Kabla hajatoka, unaruhusiwa kumpa mwingine. Nipe mimi. Itakuwa hukushika."

Akanyoosha kiganja. Hili Mado hakulikumbuka. Kumbe mlango wa kutokea ulikuwepo, na Twaibu alikuwa ameufungua kwa wema.

Wakati uleule kamba ikalegea.

Kakule alivuta mara moja. Hakujibiwa. Akavuta tena. Kimya. Juu ya maji mapovu yalikuwa yanatoka, kisha yakapungua, kisha Mado hakuyaona.

"Ameingia kwenye mlango," Mado alisema, sauti haikuwa yake. "Amefungua chupa moja, anaisukuma. Lazima alegeze kamba. Njo vile anafanya."

"Unajuaje?"

"Sijui, Yaya. Natumaini."

"Nipe basi nikusaidie," Twaibu alisema, akaigusa kamba.

"Toa mkono!" Kakule alifoka. "Wewe unashika kama unashika mkia wa mbuzi! Huyu muntu nimempima mimi mwenyewe, najua uzito wake!" Alikuwa ameingia majini bila kujua, viatu vyake vya Jumapili vimezama kwenye tope, kamba ameizungusha kiganjani mara mbili, midomo inacheza. Mado aliposogea alimsikia anahesabu. Alihesabu hadi tisini na tatu.

Kamba ikavutwa mara moja.

Kakule alipumua kama yeye ndiye aliyekuwa chini.

Onema alitoka mtoni akitembea, maji yakimwagika, akatoa kipumulio. "Mashine iko muzima," alisema. "Nimeifunga mnyororo. Bado kuondoa mbao mbili, ninarudi mara moja tu, halafu—"

"Mbuzi kumi na wanne," Kakule alisema.

"Ya nini?"

"Usinifanye mjinga mara mbili kwa asubuhi moja! Kumi na wanne, wakubwa. Sitaki hawa wenu wa hapa wanaofanana na paka."

Onema alitazama kamba katika mkono wa Kakule. Akamtazama Twaibu, aliyeinua mabega. "Papa Kakule, nilitaka kukueleza."

"Nimeelezwa."

"Na hukuiachia?"

"Kumi na wanne!"

"Kumi," Onema alisema, na sauti yake ikapasuka.

"Ngojeni," Mado alisema. Alikuja mbele yao, maji yakilowesha pindo la kitenge chake. Mkanda wa kiuno wa Onema ulikuwa umejipinda huko chini. Aliifungua kamba kwenye pete ili aunyooshe, akausukuma mkanda kwenye chuma, akauvuta kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Tantine Émilienne alimwuliza Yaya. Kamba imemwuliza Yaya. Mumefika kwenye mbuzi. Mimi nani ameniuliza?"

Onema alijipangusa uso kwa kiganja, haikusaidia. "Mado," alisema. "Unanikubali?"

Alikuwa mbaya, kwa kweli, macho mekundu, tope sikioni, alama ya kipumulio kuzunguka mdomo. Mado alikuwa na jibu tangu ana miaka kumi na mitano. Lakini alikuwa amengoja miaka mingi. Na Onema naye angengoja kidogo.

"Toa kwanza mashine ya kaka yangu," alisema. "Ukitoka nayo, nakujibu."

"Jibu ni ndiyo, ao apana?"

"Onema, nenda!"

Alielewa kutoka kwenye macho ya Mado kilichobaki. Aliuma kipumulio, akageuka, akaukimbilia mto mzima mzima, chupa zikigonga ubavuni, akajitupa.

Kakule alibaki ameduwaa. Aliitazama kamba mkononi mwake, akaifuata kwa macho mpaka ncha yake nyingine, iliyolala kwenye tope mbele ya miguu ya Mado, haijafungwa kwa mtu yeyote.

Alitoa ukelele. Akaikusanya kamba yote kifuani, akaingia mtoni na suruali yake na viatu vyake, mpaka kwenye mkanda, mpaka kifuani, huku Kindu nzima ikimsikia:

"Shemeji! Kamba! Weye Onema, ngoja! Shemeji, kamba yako!"